Deni la Toleo la 121

Toleo la kwanza la Spider-Man nililowahi kuwa nalo halikuwa na jalada. Nililinunua kwa muuza vitabu vya zamani aliyetandaza bidhaa zake chini kando ya Samora, Dar es Salaam, katikati ya vitabu vya hesabu vya kidato cha pili na magazeti ya mitindo yaliyokwisha kupauka. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Sikujua hadithi inaitwaje, ilitoka mwaka gani, wala inaishaje. Nilipata katikati tu, na humo katikati mlikuwa na kisanduku kimoja ambacho nimekitazama mara nyingi kuliko picha yoyote ya utoto wangu: usiku, daraja, Spider-Man amesimama juu kabisa ya mnara wa daraja, kichwa amekiinamisha, mkono wa kulia ameufungua mbele yake. Ndani ya puto la maneno kuna jina la msichana, Gwen, na ubavuni mwa jina hilo kuna kinyota kidogo. Chini ya kisanduku, kwa herufi za kukodolea macho, mhariri ameandika kwamba habari hiyo iko katika toleo la 121.

Nilidhani analia. Nilirudi kwa yule muuza vitabu kumuuliza kama toleo la 121 analo. Akapekua rundo lote bila haraka, kisha akaniambia, "Mdogo wangu, hapa kinachokuja ndicho kinachokuja."

Komiki za mashujaa za Marekani ni hadithi zisizokubali kuisha. Superman alitoka Juni 1938, Batman Mei 1939, na wote wawili bado wako kazini. Waliowabuni wamekwisha kufariki, waliowarithi wamezeeka, na kila mwandishi anayekabidhiwa kalamu leo anaingia katika nyumba iliyojaa vyombo vya wapangaji waliotangulia. Wengi huvigusa vyombo hivyo: sentensi iliyowahi kusemwa miaka arobaini nyuma, mkao wa shujaa kama ulivyokuwa katika jalada fulani maarufu, adui aliyesahaulika anayekatiza nyuma ya picha. Hayo ndiyo madokezo ninayotaka kuyazungumzia. Wapenzi wa komiki huyasaka kama watoto wanavyosaka maembe yaliyodondoka usiku, nami ni mmoja wao. Ila nimefika mahali pa kuyadai zaidi. Kudokeza hadithi ya zamani ni kukopa: unachukua uchungu au furaha aliyoihangaikia mtu mwingine, unaiweka katika ukurasa wako ikufanyie kazi. Mkopo una kulipa. Na ukitazama madokezo kwa jicho hilo, mengi yanayoshangiliwa utakuta hayajalipa hata senti.

Mwanzoni deni halikuwapo. Katika komiki za miaka ya 1940 karibu kila hadithi ilijitegemea, kwa kuwa wachapishaji waliamini wasomaji ni watoto watakaokua na kuacha, na wengine watakuja wasiojua lolote. Kisha, Oktoba 1956, katika Showcase toleo la 4, tukamwona Barry Allen, mtaalamu wa maabara ya polisi ambaye radi itampa mbio zisizo na mfano, akisoma komiki. Komiki yenyewe ni ya Flash wa zamani, Jay Garrick, aliyeanza kutoka mwaka 1940. Shujaa mpya anachukua jina la shujaa aliyemsoma. Ni dokezo dogo, la upendo tu. Lakini Septemba 1961, katika The Flash toleo la 123, Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino walilichukulia kwa uzito: kama Barry alimsoma Jay kitabuni, basi Jay yuko mahali fulani. Barry akavuka hadi dunia nyingine akamkuta, mwenye mvi kidogo na kofia yake ya chuma. Kutokana na kisanduku kile kimoja zilizaliwa dunia nyingi sambamba, nyingi kiasi kwamba mwaka 1985 kampuni ya DC ililazimika kutoa hadithi ya matoleo 12 kuziangamiza. Mkopo mdogo, riba kubwa.

Kwa upande wa Marvel, kampuni inayoshindana na DC, mwandishi na mhariri Stan Lee ndiye aliyekifanya kinyota kuwa desturi, kwa sauti ya mtu anayekunong'oneza barazani. Wasomaji wakaanza kukumbuka. Na walipokumbuka wakaanza kushika makosa. Bruce Banner, ambaye ni Hulk, aliwahi kuitwa Bob kwa bahati mbaya; Lee akatangaza kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner, na likabaki hivyo mpaka leo. Msomaji aliyeona kosa na kulitafutia maelezo yanayoeleweka alitumiwa zawadi: bahasha tupu. Mimi naiheshimu ile bahasha. Ilimwambia kijana wa mbali kwamba kumbukumbu yake ni sehemu ya kazi.

Sasa nikae kidogo kwenye mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote.

Captain America alibuniwa na Joe Simon na Jack Kirby. Jalada la toleo lake la kwanza, lenye tarehe ya Machi 1941, linamwonyesha akimpiga Hitler ngumi ya uso wakati Marekani yenyewe ilikuwa haijaingia vitani. Vita vikaisha, wasomaji wakapungua, komiki ikafa. Mwaka 1953 alifufuliwa, safari hii akiwinda wakomunisti, na kufikia 1954 akawa amezimika tena. Miaka kumi baadaye, katika The Avengers toleo la 4 la Machi 1964, Lee na Kirby walimrudisha kwa hadithi nzuri mno: alianguka baharini mwishoni mwa vita, akagandishwa na barafu, na sasa anaamka katika ulimwengu usio wake, rafiki yake kijana amekufa, miaka karibu ishirini imempita usingizini.

Hesabu hapo zinagoma. Kama alikuwa kwenye barafu tangu 1945, yule wa 1953 alikuwa nani?

Njia rahisi ilikuwa kunyamaza, na kwa miaka minane walinyamaza. Ile komiki ya miaka ya 1950 ilikuwa kitu cha aibu, na karibu hakuna kijana wa 1972 aliyekuwa ameiona. Steve Englehart, mwandishi mpya katika komiki hiyo, hakunyamaza. Katika matoleo ya 153 hadi 156, pamoja na mchoraji Sal Buscema, alisema: alikuwa mtu mwingine. Alikuwa mwananchi aliyempenda Captain America kupita kiasi, akabadilishwa uso afanane naye, akalichukua jina lake, akajipa ile dawa ya nguvu bila mionzi iliyopaswa kuandamana nayo. Dawa ikamharibu akili. Akaanza kuona wakomunisti kila pembe, akawageukia watu weusi, mpaka serikali iliyomtumia ikamgandisha na kumficha. Mwaka 1972 mtu akamwamsha, naye akaenda moja kwa moja Harlem kumsaka Falcon, mshirika mweusi wa Captain wa kweli. Ndani ya toleo la 155 ziliingizwa kurasa za komiki yenyewe ya 1953. Huzisomi tena kama ujasiri wa shujaa. Unazisoma kama kumbukumbu za mgonjwa, ilhali hazikuwa zimechorwa kwa nia hiyo.

Hebu fikiria alichokifanya. Vita vya Vietnam vinaendelea, nchi imegawanyika, na mwandishi anakuta kabatini hadithi ambayo kampuni yake ingependa isahaulike. Anaitoa, anaiweka mezani, anamwambia shujaa wake: huyu naye alivaa bendera unayoivaa, na walimshangilia. Hadithi inataka tujue jinsi uzalendo unavyochacha, na inatujibu kwa kumpa Captain America adui mwenye uso wake. Halafu jambo la pili, ambalo kwangu ndilo la msingi: msomaji asiyeijua komiki ya 1953, yaani takriban wasomaji wote, hakupungukiwa na kitu. Kila alichohitaji kiliandaliwa mezani. Aliyekuwa anaijua alipata zaidi, lakini hakuna aliyeachwa mlangoni.

Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika komiki methali hiyo imefanywa leseni ya uvivu. Mwandishi anaficha kitu, msomaji anakigundua, wote wawili wanafurahi, na hadithi haijasogea hata hatua. Hiyo furaha ya kugundua ni tamu, siikatai. Utamu wake hauna lishe.

Chukua majalada. Superman wa 1938 akiliinua gari la kijani. Superman wa 1985 akilia na mwili wa binamu yake Supergirl mikononi, katika toleo la 7 la ile hadithi ya kuangamiza dunia sambamba. Wolverine wa Januari 1981 amesimama mbele ya bango la kuwatafuta wenzake, picha za waliokufa zimegongwa muhuri. Michoro hii mitatu imeigizwa mara zisizohesabika. Anachukuliwa shujaa mwingine, anawekwa katika mkao ule ule, na toleo linauzwa kwa jalada mbadala kwa bei ya mkusanyaji. Ndani ya toleo mara nyingi hakuna chochote kinachohusiana na maombolezo yale au hofu ile. Mchoraji wa 1985, George Pérez, alichora uso wa mtu aliyepoteza ndugu yake wa mwisho. Uso huo ukigeuzwa mtindo wa kukaa mbele ya kamera, kinachokopwa ni msiba, na kinacholipwa ni kutambuliwa.

Pango la Batman linanifundisha zaidi. Huko kuna senti kubwa kuliko mtu, dinosaria mkubwa wa mitambo na karata kubwa ya Joker. Dinosaria ni wa hadithi ya mwaka 1946, senti ni ya 1947, zote mbili hadithi fupi za kupita ambazo leo wachache wamezisoma. Lakini vitu vyenyewe vimebaki, vinachorwa na kila mchoraji, na havisemi neno. Napenda madokezo ya namna hii kwa sababu yanakaa kama vyombo vya sebule ya babu: hulazimiki kuuliza, ila ukiuliza utapewa hadithi. Na hadithi inaweza kubadilika. Katika mfululizo wa katuni za televisheni wa miaka ya 1990, adui wake Two-Face anasimulia jinsi alivyomfunga Batman kwenye senti ile na kuirusha juu. Senti ilipewa asili mpya, bora kuliko ya kwanza, kwa kuwa Two-Face ni mtu anayeamua maisha kwa kurusha sarafu. Chombo cha zamani kimepata mwenyewe.

Humo pangoni pia kuna vazi la Robin, kijana msaidizi wa Batman, ndani ya kabati la kioo. Vazi hilo lilichorwa mwaka 1986 katika hadithi ya Frank Miller kuhusu Batman mzee, kama kumbukumbu ya Jason Todd, Robin ambaye wakati huo alikuwa hai katika komiki za kila mwezi. Mwaka 1988 wasomaji wakaombwa kupiga simu kuamua kama afe au aishi: kura 5,343 afe, 5,271 aishi. Kabati likapata maiti yake. Sijui mfano mwingine ambapo dokezo lilitangulia tukio lake, na kila nikiliona kabati lile nafikiria zile kura 72 kuliko ninavyomfikiria Batman.

Grant Morrison alipoanza kumwandika Batman mwaka 2006 alifanya uamuzi uliowashtua wengi: kila kitu kilitokea. Batman wa giza na majonzi wa miaka ya 1980 na Batman wa miaka ya 1950 aliyekwenda sayari za mbali na kupambana na viumbe wa rangi rangi ni mtu mmoja, maisha mamoja. Februari 1958, katika Batman toleo la 113, shujaa huyu alijikuta katika sayari ya Zur-En-Arrh na kumkuta Batman wa huko, vazi lake jekundu, njano na zambarau. Kwa miongo mingi hadithi hiyo ilikuwa ya kuchekwa. Mwaka 2008 Morrison aliigeuza Zur-En-Arrh kuwa chumba cha akiba ndani ya akili ya Bruce Wayne, ambaye ndiye Batman, nafsi ya pili aliyojijengea iamke siku atakapovunjwa akili. Na mwishoni kabisa tunaambiwa neno hilo lilitoka wapi: usiku wazazi wake walipouawa, wakitoka kutazama filamu ya Zorro, baba yake alitamka kwamba mtu kama Zorro leo wangemtupa Arkham, hospitali ya wagonjwa wa akili. Zorro in Arkham, Zur-En-Arrh. Maneno ya mwisho ya baba, yaliyosikika nusu nusu na mtoto, yakawa jina la sayari.

Wapo wanaosema Morrison aliandika kwa ajili ya waliosoma kila kitu. Kwa sehemu wana haki. Kuna matoleo ndani yake nilihitaji kuyasoma mara tatu, na DC wenyewe mwaka 2009 walitoa kitabu kilichokusanya hadithi za zamani ili watu waelewe. Hata hivyo ninamtetea. Hakuchagua vipande vya heshima pekee. Alichukua vile vya kuchekwa akavipa uzito wa yatima anayejaribu kukumbuka sauti ya baba yake. Huko ndiko kulipa deni.

Lakini deni haliko kwa hadithi tu. Hadithi ya kwanza ya Batman, ya Detective Comics toleo la 27, imesimuliwa upya mara kadhaa kwa heshima. Aliyeiandika ni Bill Finger. Jina lake halikuwamo. Kwa mkataba, sifa yote ya kumbuni Batman ilikwenda kwa Bob Kane, na Finger alifariki mwaka 1974 bila jina lake kuwekwa rasmi. Likaanza kuwekwa mwaka 2015. Siegel na Shuster, waliombuni Superman, nao waliuza haki zake mwaka 1938 kwa dola 130. Kila ninapoona dokezo la fahari kwa hadithi ya miaka ile, nauliza wenye hadithi wako wapi humo. Senti kubwa ilikuwa na mahali pake pangoni. Finger hakuwa na mahali pake kwenye ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana pia sikuifurahia ile beji ya manjano yenye uso unaotabasamu na tone la damu, iliyotokea ukutani mwa pango la Batman mwaka 2016. Inatoka katika Watchmen, kazi ya Alan Moore na Dave Gibbons, iliyoandikwa iwe na mwanzo na mwisho. Moore amesema wazi kwa miaka mingi kwamba hakubaliani na kuendelezwa kwake. Beji ile ilitumika kama mwaliko wa hadithi kubwa iliyotoka 2017 hadi 2019, na wapo waliosisimka. Mimi niliona mgeni aliyeingia chumba ambacho mwenyewe alikifunga.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna dai letu. Storm, shujaa wa kike anayeamuru mvua na radi, aliingia katika Giant-Size X-Men toleo la 1, mwaka 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Profesa Xavier, kiongozi wa kundi la X-Men, anamkuta Kenya, akiabudiwa kama mungu na watu wanaomwomba mvua. Jina lake ni Ororo, na sikio la Kiswahili linasikia humo neno lake lenyewe: kitu ororo ni kitu laini. Lakini Kenya ya kurasa zile ni uwanda mtupu na watu wasio na majina. Mwaka 1975 Nairobi ilikuwa na chuo kikuu chake, na miaka saba kabla ya hapo Kipchoge Keino alikuwa ameshachukua dhahabu Mexico City. Mwaka 1976, katika toleo la 102, Chris Claremont alimpa Storm ukoo: mama yake N'Dare wa Kenya, baba Mmarekani mpiga picha, nyumba iliyobomoka juu yao Cairo katika vita vya Suez, na msichana aliyefukiwa chini ya kifusi karibu na maiti ya mama yake. Ndipo inapotoka hofu yake ya mahali finyu. Kila mara mwandishi anapomfungia Storm ndani ya chumba na pumzi zikaanza kumkata, kifusi cha Cairo kimedokezwa bila kinyota wala maelezo, na hata mtoto anayesoma komiki kwa mara ya kwanza anaelewa kwamba mwanamke huyu alizikwa akiwa hai. Dokezo lililoingia mwilini mwa mhusika halihitaji kuelezwa.

Uwanda ule wa waomba mvua ni jambo jingine. Umerudiwa na kurudiwa, wakati mwingine kwa mchoro mzuri kuliko wa kwanza, na kila ukirudiwa wale watu wanabaki migongo na mikono iliyoinuliwa. Katika Marvel Team-Up toleo la 100, mwaka 1980, kurasa chache za nyongeza zilisimulia jinsi Ororo na T'Challa wa Wakanda walivyokutana wakiwa vijana. Mwaka 2006 mbegu hiyo ikazaa harusi. Kumbe inawezekana kurudi mahali padogo na kupafanya pakubwa. Hadithi ninayoitamani ni ya mtu atakayerudi uwandani kwa uzito ule ule ambao Englehart alirudi nao 1953, amwinamie mmoja wa waliopiga magoti, amuulize jina, na aandike jibu lake katika lugha aliyoisema.

Toleo la 121 nililisoma nikiwa mtu mzima, ndani ya mkusanyiko mzito nilioazima kwa rafiki. Ni la Juni 1973. Mwandishi Gerry Conway, mchoraji Gil Kane. Green Goblin, adui wa Spider-Man, amemteka Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, na kumpeleka juu ya daraja. Maandishi yanaliita la George Washington, michoro inafanana na la Brooklyn, na wasomaji wamebishana kuhusu hilo tangu siku hiyo. Anamsukuma. Spider-Man anafyatua utando, unamnasa miguu, na wakati anamvuta juu anajisifu kwa furaha. Anamfikisha mikononi. Amekufa. Goblin anamwambia kwamba mtu akianguka kutoka urefu ule hufa kabla ya kugusa chini.

Madokezo yote niliyokwisha kuyaona miaka yote yalinifundisha kwamba Gwen aliuawa na Goblin. Hakuna hata moja lililokuwa limeniandaa kwa kitu kidogo kilichochorwa katika kisanduku ambacho utando unamnasa: karibu na shingo yake, herufi nne, mlio wa kitu kinachokatika. Katika ukurasa wa barua wa toleo la 125, Roy Thomas aliwajibu wasomaji waliouliza. Kusimamishwa ghafla na utando ndiko kulikomuua.

Tangu hapo nayapima madokezo ya daraja lile kwa mlio huo. Mwaka 1994, katika toleo la 4 la Marvels, Kurt Busiek na Alex Ross walikirudia kifo hiki kwa macho ya mpiga picha wa kawaida, Phil Sheldon, anayetazama kwa mbali bila uwezo wowote. Anaondoka pale akiwa amepoteza imani aliyoijenga kwa miongo mitatu. Hiyo ni hadithi mpya iliyosimama juu ya kaburi kwa adabu. Mwaka 2014 filamu ikamuua Gwen ndani ya mnara wa saa, amevaa koti la kijani kama la 1973, na mishale ya saa ikasimama saa 1:21, kwa Kiingereza chao. Niliiona. Nikatabasamu. Halafu nikaona haya, kwa sababu msichana alikuwa anakufa mbele yangu, mwigizaji alikuwa analia kwelikweli, na mimi nilikuwa nimetolewa nje ya msiba huo kwenda kuokota namba. Aliyeiweka namba pale hakuniongezea uchungu, alinipunguzia.

Katika filamu ya 2021 mwigizaji yule yule, Andrew Garfield, anarudi kama Spider-Man mwenye umri mkubwa zaidi. Msichana mwingine, MJ, anaanguka. Safari hii hamfyatulii utando kwa mbali: anajirusha mwenyewe, anamkumbatia hewani, anatua naye. Anamuuliza kama yuko salama. MJ anamtazama usoni na kumuuliza yeye kama yuko salama, naye anatikisa kichwa kukubali huku machozi yamemlenga. Hakuna anayetaja daraja wala namba. Nilikuwa nimekaa na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja ambaye hajawahi kusikia jina la Gwen Stacy. Akanigusa mkono. "Anko, kwani huyu alishawahi kumwangusha mtu?"

Miaka miwili baadaye filamu nyingine ya katuni ikaliweka suala hili wazi: Spider-Man mmoja, Miguel O'Hara, anawaambia wenzake kwamba misiba hii lazima itokee katika kila dunia, kwamba kapteni wa polisi lazima afe, kama Kapteni Stacy, baba yake Gwen, alivyokufa katika toleo la 90 la mwaka 1970, la sivyo dunia itasambaratika. Kijana Miles Morales, Spider-Man mwenzake, anakataa. Nilimshangilia kwa sababu anachokikataa ndicho kilichotokea kwa komiki nyingi: kukumbuka kumegeuka amri ya kurudia.

Usiku nilipomaliza toleo la 121 nililitoa sandukuni lile toleo langu la Samora. Karatasi imekuwa ya kahawia, gundi imeachia. Nikakitafuta kile kisanduku: usiku, daraja, kichwa kimeinama, jina la Gwen, kinyota. Miaka yote nilidhani analia. Nikatazama tena. Macho yake hayakuelekea mtoni wala angani. Alikuwa anautazama ule mkono wa kulia.